Mfumo Unasema Zipo, Rafu Inasema Hazipo: Kutafuta Chanzo cha Matatizo ya Mfumo wa Biashara

Kwenye maduka mengi ya Dodoma, dalili ya kwanza kwamba mfumo una tatizo huwa ni ugomvi. Tajiri yuko safarini, amefungua ripoti kwenye simu na kuona mifuko 40 ya saruji. Anapiga dukani Kizota, kijana anamjibu imebaki 31. Kabla ya jioni kuna mtu ameshaitwa mwizi na mwingine ameshasema mfumo huu ni wa hovyo, na wote wawili hawajaangalia kitu.

Mwongozo huu ni wa mwenye duka, stoo, lodge au mashine ya kukamua alizeti ambaye ana mfumo wa mauzo na wamefika mahali hawaelewani. Njia yenyewe ni moja. Kila biashara ina vitu vitatu vinavyotakiwa kusema jambo moja: mzigo, hela na kumbukumbu. Mzigo unauhesabu kwa mkono. Hela unaihesabu kwenye droo, benki na lipa namba. Kumbukumbu ni kile ambacho mfumo unadai. Thamani ya mfumo inatokana na kwamba kumbukumbu inaweza kusafiri bila mzigo, ndiyo maana unaiona stoo ya Kibaigwa ukiwa umekaa Majengo. Hatari nayo inatoka palepale: anayeiangalia kumbukumbu haoni mzigo, na anaweza kufanya uamuzi mkubwa juu ya kitu ambacho hakipo.

Kwa hiyo tatizo lolote likitokea, jiulize kwanza ni kipi kati ya vitatu kimejitenga na wenzake.

Mzigo wa mfumo na mzigo wa rafu havilingani

Usianze na wizi. Wizi upo na nitaufikia, lakini ndiyo sababu pekee ambayo ukimtaja mtu kimakosa huwezi kuyarudisha maneno yako, kwa hiyo iache mwisho.

Angalia kama bidhaa inasoma chini ya sifuri. Ikisoma hasi 230, hakuna mwizi wa namna hiyo duniani. Mtu hawezi kuiba hadi kitu kipungue chini ya kutokuwepo. Hasi inamaanisha mzigo uliuzwa kabla ya kuingizwa, au uliingizwa kwa kipimo kingine. Hiki cha pili ndicho kinachosumbua maduka ya jumla na rejareja kuliko vyote. Zimeletwa katoni 10 za sabuni, kila katoni pisi 24. Aliyepokea ameandika 10. Muuzaji anauza pisi mojamoja, na mfumo unaondoa mojamoja. Sabuni zote 240 zikiisha, mfumo unasoma hasi 230. Kosa hilohilo likiingia kwenye bei linageuka kichekesho: katoni imenunuliwa kwa shilingi 36,000, yaani 1,500 kwa pisi, unauza 2,000. Mtu akiandika 36,000 kama bei ya kununulia pisi moja, ripoti itakuambia kila sabuni inakuingiza hasara ya 34,000. Ukiona bidhaa ya kawaida inaonyesha hasara ya kutisha au faida ya kutisha, fungua kipimo chake kabla hujafungua mdomo.

Dawa yake ni kuamua kipimo cha msingi, kile kidogo kabisa unachouza, na kumwekea mfumo kwamba katoni moja ni pisi 24. Mifumo mingi ina sehemu hiyo. Watu huiruka siku ya kufungiwa kwa sababu fundi ana haraka na bidhaa ni mia nne.

Kisha linganisha mzigo na hela kwa pamoja, maana vikisomwa pamoja vinataja chanzo vyenyewe:

- Mzigo umepungua, hela imezidi. Umeme ulikatika, muuzaji akauza kwa daftari, daftari halijaingizwa. Hapa hakuna mwizi kabisa. Mwizi haachi hela kwenye droo.
- Mzigo umezidi, hela imepungua. Mteja amerudisha bidhaa akapewa chake, na hakuna aliyeandika.
- Mzigo umezidi, hela iko sawa. Mara nyingi lori lilishusha usiku na invoisi bado iko mfukoni mwa mtu. Au muuzaji alibonyeza bidhaa inayofanana: rangi ya lita 4 badala ya ile nyingine ya lita 4. Ikiwa hivyo, utakuta pacha wake amepungua kwa idadi ileile.
- Mzigo umepungua, hela iko sawa na mauzo yaliyoandikwa. Hapa ndipo pana mambo: kuharibika, panya, mali kauli iliyotolewa kwa mdomo, kuuza bila kuandika, na mwenye duka mwenyewe.

Huyo wa mwisho simtaji kwa utani. Tajiri anapita Jumamosi, anachukua ndoo mbili za mafuta za shughuli ya nyumbani, anasema "mtaandika". Hawaandiki, kwa sababu hakuna anayejua pa kuandika: si mauzo, wala hazijaharibika. Fungua akaunti ya matumizi ya mwenye mali kwenye mfumo, na uwe wa kwanza kuitumia.

Kwa wafanyabiashara wa nafaka kuna sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni gunia. Ukiandika "magunia 100" kwenye mfumo hujaandika kitu, kwa sababu gunia la kawaida na lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo, vyote ni gunia na kilo zake ni tofauti. Ukinunua kwa lumbesa ukauza kwa kilo, mfumo utakuonyesha mzigo unaozaliwa wenyewe stoo. Pima kwa mizani, andika kilo, basi.

Ya pili ni maji. Mahindi yanayoingia Kibaigwa na unyevu wa asilimia 16 yakikauka hadi 13 yanapoteza uzito bila mtu kugusa gunia. Hesabu yake ni rahisi: kwenye kilo 100, kavu ni 84. Kavu hiyo ikiwa asilimia 87 ya uzito mpya, uzito mpya ni 84 gawa kwa 0.87, yaani kilo 96.55. Tani 10 zinabaki kilo 9,655. Kilo 345, karibu magunia matatu na nusu, zimeondoka na upepo, na kwenye ripoti zinaonekana kama zimebebwa na mlinzi. Kipima unyevu ni kifaa kidogo. Ukiwa nacho, rekodi unyevu siku mzigo unapoingia na siku unapotoka, halafu mdai mlinzi kile tu kinachobaki baada ya hesabu hii.

Sasa wizi. Ukiwa umeondoa yote hayo na pengo bado lipo, fungua orodha ya risiti zilizofutwa na punguzo zilizotolewa. Kuuza, kupokea hela, kusubiri mteja atoke, kisha kufuta risiti ni mbinu ya zamani kuliko kompyuta zenyewe. Angalia zinafutwa saa ngapi na kwa jina la nani. Na hapo wengi hukwama, kwa sababu watu wote dukani wanaingia kwa jina moja, "admin", na nenosiri limebandikwa kwa gundi pembeni ya skrini. Mfumo wa namna hiyo hauwezi kumtetea mtu mwaminifu wala kumkamata asiye mwaminifu. Mpe kila mtu jina lake, na kufuta risiti iwe kazi ya msimamizi tu.

Kuna sababu ya kusisitiza utaratibu huu wa wizi mwisho. Shirika la Posta la Uingereza lilikuwa na mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya ICL, iliyokuwa chini ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha hela pungufu kwenye ofisi ndogo za posta, na kati ya 1999 na 2015 wasimamizi wa ofisi hizo zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine waliuza nyumba kulipa hela ambayo haikuwahi kupotea. Mwaka 2019 mahakama ilikubali kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha mapengo hayo, na mwaka 2024 Bunge la huko likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Posta yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiwashtaki wengi wao, ikiamini skrini. Kijana wako wa Kizota hana hata wakili.

Mauzo yapo kwenye mfumo, hela haipo

Tenganisha njia za malipo. Taslimu peke yake, lipa namba peke yake, benki peke yake, mkopo peke yake. Ukikuta muuzaji anaandika kila kitu "taslimu" kwa sababu ndicho kitufe cha kwanza, umepata jibu la nusu ya malalamiko yako: hela ipo, iko kwenye lipa namba, na droo inadaiwa bure.

Ikiwa pengo liko kwenye simu, sababu kubwa ni ujumbe wa uongo. Mteja anaonyesha SMS kwenye simu yake, au dukani unaingia ujumbe ulioandikwa vizuri kabisa kwamba umepokea kiasi fulani, ila umetoka kwenye namba ya mtu wa kawaida na si kwenye jina la huduma. Foleni ndefu, mwezi mwisho, muuzaji anaitikia. Kanuni haina mjadala: mzigo unatoka baada ya kuona muamala kwenye simu au programu ya duka, na namba ya kumbukumbu ya muamala inaandikwa kwenye risiti ya mfumo. Namba hiyo ndiyo itakayokuwezesha jioni kulinganisha mstari kwa mstari na taarifa ya lipa namba. Ujumbe wa kitapeli uripoti kwenye 15040, namba iliyotengwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa kazi hiyo. Na piga *106# uone ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuna wenye biashara waliokuta laini wasizozijua.

Malipo yaliyorejeshwa nayo yanauma. Mteja analipa, anachukua mzigo, kisha anapiga huduma kwa wateja akidai amekosea namba. Ukiwa na risiti yenye namba ya muamala una cha kujibu. Usipokuwa nayo, ni neno lako na lake.

Mkopo ni jambo fupi: kama jina la mdaiwa kwenye mfumo ni "Mama Neema" na "mzee wa bodaboda", hilo si deni, ni sadaka. Jina kamili, namba ya simu, tarehe ya kulipa.

Mauzo ya siku nzima yamepotea

Hayajapotea. Yako kwenye siku nyingine.

Umeme ukikatika na kompyuta ya zamani ikawashwa tena, angalia tarehe iliyoko pembeni ya skrini. Ndani ya kompyuta kuna betri ya mviringo kama sarafu, CR2032, inayotunza saa wakati umeme haupo. Ikifa, kompyuta inaamka ikiamini iko mwaka iliotengenezwa, na mauzo yote ya siku hiyo yanaandikwa huko. Dalili inayokwenda nayo ni tovuti kukataa kufunguka zikidai cheti cha usalama si halali, huku WhatsApp ya simu kwenye mtandao uleule inafanya kazi vizuri. Watu wanalaumu bando. Badilisha betri, rekebisha tarehe, kisha tafuta mauzo yako kwa mwaka ule wa ajabu, utayakuta yamekaa.

Kwenye baa na lodge tatizo ni jingine. Siku ya mfumo inageuka saa sita kamili usiku, wakati siku ya baa inaisha mtu wa mwisho akiondoka. Bia iliyouzwa saa saba usiku wa kuamkia Jumapili inaingia Jumapili, hela yake iko kwenye droo ya Jumamosi, na keshia anaonekana ana hela nyingi kuliko mauzo. Mbaya zaidi ni mifumo ya mtandaoni ambayo haikuwekewa saa za Afrika Mashariki. Hiyo huhesabu kwa saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo siku yake inageuka saa tisa usiku wetu. Kama mauzo ya usiku wa manane ndiyo yanayohama siku, nenda kwenye mipangilio, chagua saa za Dar es Salaam au Nairobi, na uweke saa ya kufunga siku kuwa alfajiri kama mfumo unaruhusu.

Na kuna 03/07. Ni tarehe 3 Julai au Machi 7? Windows ikiwa imewekwa kwa mtindo wa Marekani, utasoma moja na kompyuta itasoma nyingine. Dalili yake ni mauzo ya tarehe 1 hadi 12 kutawanyika miezi mbalimbali huku ya tarehe 13 na kuendelea yakikaa sawa au kukataliwa.

Mauzo ya mfumo na ya EFD hayafanani

Chukua mauzo ya mfumo na ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ugawe kubwa kwa ndogo. Ukipata 1.18, tulia: moja inasoma pamoja na VAT ya asilimia 18 na nyingine bila VAT. Shilingi 11,800,000 na 10,000,000 ni mauzo yaleyale. Ukipata namba nyingine, linganisha ripoti ya Z ya kila siku, ile ya kufunga siku kwenye EFD, na ripoti ya siku ya mfumo, siku moja baada ya nyingine, mpaka ufike siku zinapoachana.

Sababu inayofuata ni ya hatari: wauzaji wanampa mteja karatasi ya mfumo na kumwachia aamini kwamba ni risiti ya EFD. Si risiti ya kodi, labda mfumo wako uwe umeunganishwa rasmi na TRA. Tofauti hiyo mkaguzi akiikuta kabla yako, mfumo ulioununua ukusaidie utakuwa ushahidi dhidi yako.

Jambo dogo la hapa kwetu: risiti hizi zinachapwa kwa joto, na joto linazifuta. Bahasha ya risiti za matumizi iliyokaa kwenye dashibodi ya gari tangu Septemba hadi Novemba, Dodoma, inatoka nyeupe. Sheria inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano. Piga picha au skani siku hiyohiyo.

Mfumo umelala

Tenganisha umeme, mashine na mtandao, kwa mpangilio huo.

Umeme ukikatika ghafla wakati mfumo unaandika, faili la data linaweza kuvunjika, na ukirudi kwa kishindo unaweza kuunguza. UPS ndogo, yaani betri ya akiba ya kompyuta, haikusaidii kuuza jioni nzima. Inakupa dakika chache za kufunga kistaarabu, na hizo ndizo unazozihitaji. Kompyuta mpakato yenye betri nzima inafanya kazi hiyohiyo.

Mashine ikijizima yenyewe mchana na kukubali asubuhi, ni joto. Vumbi la kiangazi cha huku linaziba feni. Fungua, safisha kwa brashi kavu au upepo, na uitoe chini ya kaunta karibu na mlango wa barabarani. Mashine nyingi zinazoandikiwa "imekufa" zinafufuka kwa brashi ya rangi ya inchi moja.

Mtandao ndipo penye uamuzi wa kibiashara. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba kwenye nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo. Dodoma haina bahari, lakini duka lenye mfumo unaoishi mtandaoni tu lilishindwa hata kujua bei ya kalamu. Siku ya kununua mfumo muulize muuzaji swali moja: waya wa intaneti ukichomolewa, naendelea kuuza? Kisha uchomoe mbele yake. Mfumo mzuri unaendelea kuuza, unatunza, na unasawazisha mtandao ukirudi. Kumbuka tu kwamba matawi mawili yaliyouza bila mtandao yanaweza kuwa yameuza kipande kilekile cha mwisho, kwa hiyo baada ya mtandao kurudi pitia bidhaa zinazosoma hasi.

Mafaili hayafunguki na kuna ujumbe unaodai malipo

Chomoa waya wa mtandao, zima Wi-Fi, chomoa na flashi zote. Usiiwashe upya mara kumi ukitumaini. Usilipe kabla ya kuongea na mtu anayejua. Kulipa hakukuhakikishii kurudishiwa chochote. Toa taarifa polisi, kwani ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Chanzo, kwa biashara zetu, mara nyingi ni programu ya wizi, yaani isiyolipiwa. Windows iliyovunjwa, programu ya hesabu iliyovunjwa, na maelekezo ya "zima antivirusi kwanza ndipo uinstoli". Umeambiwa umfungulie mlango, ukafungua.

Kitakachokuokoa ni nakala iliyokuwa haijaunganishwa. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kiliingia kampuni ya meli ya Maersk na kufuta mfumo wake wa utambulisho wa watumiaji kwenye ofisi za dunia nzima. Nakala zilikuwa nyingi, lakini zote zilikuwa zimeunganishwa na zinazungumza zenyewe kwa zenyewe, zikaugua pamoja. Iliyopona ilikuwa moja, kwenye ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika huko na mashine ilikuwa imezimwa. Kampuni iliyojenga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, kwa hasara iliyokadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300, ilisimama tena kwa hisani ya kukatika umeme. Wewe usisubiri bahati hiyo, ingawa kwa umeme nafasi unayo. Diski ya nje, inachomekwa jioni, inanakili, inachomolewa, inalala nyumbani. Na mara moja moja irudishe ile nakala kwenye kompyuta nyingine uone kama inafunguka; nakala ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu.

Namba zimeharibika baada ya kupitia Excel

Namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele. Weka safu iwe ya maandishi kabla ya kubandika. Namba za NIDA ni mbaya zaidi: zina tarakimu 20, Excel inatunza tarakimu 15, na tano za mwisho zinageuka sifuri moja kwa moja. Hakuna kuzirudisha isipokuwa kutoka kwenye chanzo. Oktoba 2020 Uingereza ilipoteza kwa muda rekodi 15,841 za wagonjwa wa Covid kwa sababu faili la Excel la mtindo wa zamani lilijaa mistari na kukata ziada kimyakimya. Ukihamisha orodha, hesabu mistari kabla na baada.

Mfanyakazi ameondoka na funguo

Dalili: huwezi kuingia kwenye akaunti yako ya NeST, mfumo wa serikali wa zabuni, na zabuni inafungwa kesho, kwa sababu barua pepe iliyosajiliwa ni ya binti aliyeacha kazi. Au lipa namba iko kwenye laini ya shemeji. Tangu serikali ihamie hapa, maduka ya vifaa vya ofisi na wapishi wa vikao wanaishi kwa zabuni, na zabuni za umma zimehamia NeST tangu 2023. Aliyeshika barua pepe ameshika duka.

Tengeneza barua pepe ya biashara, si ya mtu. Namba ya kurejesha nenosiri iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lako au la kampuni. Orodhesha akaunti zote kwenye karatasi moja: mfumo wa mauzo, TRA, BRELA, NeST, benki, lipa namba, ukurasa wa Instagramu. Mtu akiaga kazi, pitia karatasi hiyo siku hiyohiyo, hata kama mmeachana kwa keki.

Kila kitu kinafanya kazi, faida haionekani

Tatizo hili halina taa nyekundu, ndiyo maana linaweza kudumu miaka. Robert Solow, mchumi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel, aliandika mwaka 1987 kwamba zama za kompyuta unaziona kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Aliongelea uchumi mzima, lakini kuna maduka ya Barabara ya Nne yanayomthibitisha.

Kipimo ni swali hili: mwezi uliopita, ripoti ipi ilibadilisha uamuzi wako upi? Kama jibu ni hakuna, umenunua daftari la bei ghali. Mashine haijaharibika, kinachokosekana ni mtu wa kusoma na mamlaka ya kutenda. Anza na ripoti mbili. Ya kwanza, bidhaa ambazo hazijauzwa hata moja kwa siku 90. Zidisha idadi kwa bei uliyonunulia. Kiasi utakachopata ni hela yako mwenyewe iliyokaa rafuni ikipigwa vumbi, na mara nyingi inatosha kulipia mzigo unaokwenda kuukopea benki. Zishushe bei, ziishe. Ya pili, wadaiwa waliopita siku 60.

Lodge ina ripoti yake. Bunge la Bajeti linakaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni na vyumba vinajaa. Hilo kila mtu analijua bila kompyuta. Kile ambacho kitabu cha mapokezi hakikwambii ni nani alilala mwaka jana, alikaa siku ngapi, alilipiwa na nani na alilipa baada ya muda gani. Ukimpigia mteja wa namna hiyo Februari, mfumo umeshaleta hela. Ukisubiri Aprili uanze kuorodhesha wageni, umepata orodha.

Wakati mwingine jibu la kweli ni kwamba biashara haikuhitaji mfumo mkubwa hivyo. Genge la bidhaa 30 linaloendeshwa na mwenyewe linatoshwa na daftari na lipa namba. Muuzaji wa programu hatakwambia.

Wageni wako wanapigiwa simu na matapeli

Wakipigiwa na mtu anayejua majina yao kamili na tarehe waliyolala kwako, taarifa zimetoka kwako. Usitafute mdukuzi wa ng'ambo. Tafuta kitabu cha wageni kilichoachwa wazi kaunta, faili la Excel lililotumwa kwa mtu wa matangazo, na picha za vitambulisho zinazotumwa kwenye kundi la WhatsApp la mapokezi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu hata ukiwa na vyumba nane: anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kukusanya zile tu anazozihitaji, na kuzilinda. Andika kwenye mfumo namba ya kitambulisho na umrudishie mgeni kitambulisho chake. Picha zilizoko kwenye lile kundi zifute leo, pamoja na zile zilizojihifadhi zenyewe kwenye simu ya kila aliyemo, na aliyeacha kazi mwaka jana atolewe kundini.